Makengeza ya Wenye Ualbino

Miongoni mwa dhana ambazo hazichoki kunijia, hata vinywani mwa waalimu na watu wa afisini, ni kwamba macho ya mtu mwenye ualbino huchezacheza kwa kuwa ana pepo, na kwamba makengeza yake yangenyooka lau angepata miwani iliyo barabara. La pepo halistahili wino. La miwani lahitaji sharhi, kwa kuwa limevaa joho la elimu.

Melanini, ambayo wengi huidhania kuwa ni rangi ya ngozi na nywele tu, ina kazi jichoni tangu mtoto angali tumboni. Ikipungua, ile duara ya rangi inayoizunguka mboni hupenyeza mwanga usiotakiwa, ndipo jua la adhuhuri likawa adhabu. Na kile kishimo cha katikati ya retina, tusomeacho herufi ndogo, hakikamiliki kuumbika. Miwani hukusanya mwanga juu ya retina iliyopo, wala haiumbi nyingine. Basi mwenye kuivaa, ingawa humfaa, aghalabu hubaki akikiona kwa mita 6 kile ambacho wengine hukiona kwa mita 36.

Nilikusudia kufuatisha hapa habari ya kuchezacheza kwa macho, lakini paka wa Siam hanipi ruhusa. Hekaya yasema kwamba paka hao waliwekwa kulinda chombo cha mfalme, wakakikodolea hata macho yakapinda. Mwaka 1969 mtaalamu Guillery alieleza ajabu iliyo kubwa kuliko hekaya: katika ubongo wa paka huyo, nyuzi za neva ambazo zilipasa kubaki upande wa jicho lake zilikuwa zimevuka kwenda upande wa pili. Na paka wa Siam ni mwenye ualbino wa namna yake, maana kimeng'enya chake cha kutengeneza rangi hufanya kazi penye ubaridi tu, ndiyo sababu masikio, pua, miguu na mkia wake huwa vyeusi ilhali kiwiliwili ni cheupe. Mwaka 1975 Guillery na wenzake wakaonyesha upotofu wa jinsi hiyo katika ubongo wa binadamu mwenye ualbino.

Kwa watu wengine karibu nusu ya nyuzi za kila jicho hazivuki, hivyo kila upande wa ubongo hupokea habari za macho yote mawili na kuzilinganisha. Kwa mwenye ualbino nyingi mno huvuka, ulinganisho ukadhoofika, na macho yakakosa kiongozi wa kuyaelekeza pamoja. Upasuaji wa misuli waweza kuyanyoosha kwa sura. Njia za neva hubaki zilivyokuwa, na kupima umbali kwa macho mawili hubaki kugumu, ingawa vivuli na ukubwa wa vitu humsaidia sana.

Ama kuchezacheza, huanza katika miezi ya mwanzo ya uhai, na mtoto hujitafutia mwenyewe upande ambako macho yake hutulia zaidi, akainamisha kichwa ili autumie. Mwalimu amkemeaye akae wima humnyang'anya uoni bora alio nao, na amkatazaye kusogeza kitabu karibu na uso humkataza jambo lisilo na madhara yoyote kwa macho.