Kubadili Oili ya Gia katika Mashine Kuukuu za Mashua

Wenye mashua wa Kagunga, na wote wakaao ufukoni mwa Tanganyika hata Ujiji, twataka kuwaeleza jambo moja la mashine zifungwazo nyuma ya mashua. Jambo lenyewe ni dogo kwa kazi na kwa gharama, lakini mwenye kulisahau aweza kuwaacha abiria katikati ya ziwa, mashua haina nguvu na upepo unaichukua upendako.

Chini ya mashine, karibu na panga boi, mna sanduku la gia. Humo meno ya chuma hupokea nguvu itokayo juu na kuigeuza izungushe panga boi. Watu wengi hudhani kwamba oili wanayoichanganya na petroli yatosha kwa mashine nzima. Sivyo. Oili ile huishia juu, ikaungua pamoja na petroli. Gia za chini zina oili yake peke yake, nayo haishuki kutoka mahali pengine po pote.

Oili hiyo ina kazi mbili: kulainisha meno yasisagane, na kuzuia maji yasile chuma. Habari ya meli Liemba yatufundisha. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi kwanza. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, nayo mitambo ikaonekana ingali yafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Nao waliokuwapo Kagunga mwezi wa Mei 2015 waliiona ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kwenda Kigoma, na mashua ndogo zikiwapeleka watu kutoka ufukoni hata melini.

Twajua wako wasemao, "Mashine hii ni kuukuu, imekwisha zoea oili yake, ukiitoa utaiharibu." Maneno haya yana asili yake katika magari yabadiliyo gia yenyewe. Ndani yake mna sahani zishikanazo, na oili iliyokaa miaka mingi hujaa vumbi la sahani hizo. Kwa hiyo mafundi waangalifu hawaisukumi kwa nguvu ya pampu. Huitoa ile itokayo yenyewe, wakajaza mpya. Lakini sanduku la gia la mashua halina sahani hizo, ila meno ya chuma matupu. Basi hapana sababu ya kuogopa. Kwa kweli, aliyenunua mashine iliyotumiwa na mwingine yampasa kubadili oili siku ile ile, maana hajui mwenzake aliibadili lini.

Kazi yenyewe ni hivi:

1. Zima mashine, uisimamishe wima, uweke chombo chini yake.

2. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, hewa ipate kuingia. Acha oili itiririke mpaka iishe.

3. Jaza oili ya gia iliyotajwa na mtengenezaji. Ijaze kwa tundu la chini, ipande ikiisukuma hewa, mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Ukijaza kwa juu, hewa hubaki ndani.

4. Funga skrubu ya juu kwanza, kisha ya chini upesi. Tia washa mpya.

Kabla ya kuimwaga oili ya zamani, isome. Ikiwa nyeusi, imechakaa tu. Unga laini wa chuma si neno. Lakini vipande vya chuma ni dalili ya meno yanayovunjika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na mashine iliyolala usiku kucha, huenda maji yakatangulia kutoka, maana ni mazito kuliko oili. Hapo kubadili oili peke yake hakutoshi: sili imekatika, na mashua isichukue watu mpaka fundi atie nyingine. Mara nyingi sababu ni mshipi au uzi wa wavu uliojizungusha nyuma ya panga boi, ukaikata sili kidogo kidogo. Basi livue panga boi mara kwa mara, utazame.

Watengenezaji wengi huagiza oili ibadilishwe kila saa 100 za kazi. Mashua iendayo saa 5 kila siku hutimiza hizo kwa siku 20. Aandike tarehe katika daftari, asitegemee kumbukumbu.

Oili chafu isimwagwe ziwani, maana maji hayo ndiyo tunywayo. Nanyi viongozi wa vijiji na walimu, wasomeeni habari hii wenye mashua wasiojua kusoma. Mgonjwa apelekwaye Kigoma hana njia ya kuuliza gia zina oili gani. Yeye amemwamini nahodha. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katikati ya ziwa hapana mahali pa kujenga.