Baba alikufa kwa presha, mtoto apimwe lini?

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo hapa Kasulu na Kibondo husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni ugonjwa uliomuua mzee. Mtu akianguka shambani au akikutwa amefariki kitandani, kwenye msiba utasikia "jana alikuwa mzima kabisa", na baada ya siku tatu maneno yanahamia kwa jirani mwenye kijicho. Watoto wanatawanyika, mmoja Dar es Salaam, mwingine kwenye bodaboda yake mjini Kasulu, na hakuna aliyeambiwa kwamba marehemu alianza presha akiwa na miaka 40 na vidonge alivificha chini ya godoro.

Kwetu sisi waganga habari hiyo ina thamani kubwa. Ikiwa baba au kaka yako alipata mshituko wa moyo au kiharusi kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako wa rika moja. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa wa kisukari cha ukubwani, hatari yake ni kama mara mbili hadi tatu ya asiye na mzazi wa namna hiyo, na wakiwa wazazi wote wawili hupanda zaidi. Hii haina maana kuwa lazima utaugua.

Tena urithi si damu peke yake, tunarithi na chungu. Mawese tunayopikia maharage, karibu nusu yake ni mafuta yale yanayogandisha, ndiyo maana asubuhi ya baridi huyakuta magumu chupani. Sikatazi mawese, yana faida yake kwa macho, lakini kijiko si upawa. Chumvi nayo, sisi wenye Uvinza mlangoni huimwaga bila hesabu, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Utaambiwa babu alikula hivyo hivyo akafika miaka 80. Ni kweli, ila babu alipanda na kushuka milima hii kwa miguu. Mjukuu anakaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi isha, na kiu anaitoa kwa soda, ambayo chupa moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Kitambi kikitokeza tunampongeza!

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na kama 9 katika kila 100 wana kisukari.

Wapo wanaoona kutaja maradhi ya marehemu ni kumsengenya. Madrasa tulisomeshwa ubaya wa ghiba, lakini tulisomeshwa pia kuwa wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameruhusu kutaja penye haja ya kisharia, kama kuwatahadharisha watu na madhara. Kumweleza mwanao kilichompooza babu yake, kwa maoni yangu, kumo humo. Hata wakati wa posa tunaulizana habari za kichaa na kifafa, kisukari hatukiulizi. Si kwa ajili ya kuvunja posa, bali wanandoa wajue wanaanza na nini.

Sasa nani apimwe na lini? Mwenye historia hii asisubiri miaka 40. Presha ipimwe kila mwaka tangu miaka 18, kwani haina dalili mpaka imeshaharibu. Kaa kwanza dakika tano, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Ikifika 140 kwa 90 katika siku tofauti, hiyo ni presha. Sukari ipimwe kabla hujala: 7.0 na kuendelea, ikirudiwa ikawa vile vile, ni kisukari. Baina ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapa ndipo penye kheri nyingi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu wa hatua ya onyo waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Nyumbani chukua uzi, pima urefu wako, ukunje katikati, uzungushe kiunoni. Usipofika, kiuno kimezidi.

Akina mama mliowahi kupata kifafa cha mimba au kisukari cha mimba, msiseme yalikwisha na uzazi. Mwelezeni mganga hata kama mtoto sasa yuko darasa la saba, na mabinti zenu waambiwe kabla hawajashika mimba.

Chukueni ukurasa mmoja wa daftari, muwaulize shangazi na wajomba wakiwa bado hai: nani aliugua nini, na alikuwa na miaka mingapi ugonjwa ulipoanza. Ukifika zahanati au hospitali ya wilaya, mpe mganga karatasi hiyo kabla hajakuuliza, maana kwenye foleni ya wagonjwa wa malaria anaweza kusahau kuuliza.