Polima Zinazojengwa Ndani ya Fuwele

Yurea, ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kama mbolea ya kukuzia mahindi, ina tabia ambayo mkemia Mjerumani Friedrich Bengen aliigundua mnamo 1940: inapoganda pamoja na molekuli nyembamba na ndefu, hujipanga kwa mzunguko na kujenga fuwele yenye mifereji iliyonyooka, ambayo upana wake ni takriban nusu nanomita, nanomita moja ikiwa ni sehemu ya milioni ya milimita. Mwaka 1960 watafiti wa Marekani, Brown na White, walionyesha kwamba mifereji ya namna hiyo, ya yurea na ya ndugu yake thiourea, inaweza kutumiwa kutengenezea polima, yaani minyororo mirefu inayotokana na kuungana kwa molekuli ndogo ziitwazo monoma.

Monoma zinapokuwa huru katika kimiminika, huungana kwa upande wowote unaokutana na mwingine, hivyo mnyororo huweza kuota matawi au kushikamana na jirani yake. Ndani ya mfereji, monoma hulazimika kufuatana moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita katika kichochoro, na fuwele inapopigwa na mionzi ya gama au eksirei, baadhi yake hugeuka radikali, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo huanza kuunganisha zile zinazofuata. Kwa kuwa kuta za fuwele huzuia radikali mbili zisikutane na kuzimana, mnyororo huweza kuendelea kukua kwa muda mrefu.

Mfereji huamua pia mnyororo unavyopita kwenye kila kiungo chake, na uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika mpira wa asili na gatapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki ambao katika karne ya 19 ulitumika kufunikia nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari. Vyote viwili hujengwa kwa isoprini, lakini kwenye kila kiungo maradufu cha kaboni mnyororo wa mpira huingia na kutoka kwa upande mmoja, ilhali ule wa gatapecha huingia upande huu na kutokea upande wa pili. Kwa sababu hiyo tu mpira hunyumbuka na gatapecha huwa ngumu. Butadieni, monoma inayokaribiana na isoprini, ikiunganishwa ndani ya yurea hufuata mpangilio wa pili, na yurea ikishayeyushwa kwa maji, polima hubaki.

Hatua iliyofuata, ambayo pengine ndiyo ya kuvutia kuliko zote, ilifikiwa nchini Italia mwaka 1967, pale Mario Farina na wenzake walipotumia fuwele ambayo molekuli zake zote zilikuwa za mkono mmoja, kwa maana ya kutolingana na taswira zao kwenye kioo, wakapata polima iliyorithi mkono huo.

Kasoro ya yurea ni kwamba mifereji yake huporomoka molekuli zilizomo ndani zikiondoka. Ndiyo maana Angiolina Comotti na Piero Sozzani, wa Chuo Kikuu cha Milano-Bicocca, wamegeukia fuwele zinazobaki wazi hata zikiwa tupu, zikiwamo za dipeptidi, yaani asidi amino mbili zilizoungana. Humo gesi ya monoma huingizwa baada ya fuwele kukamilika, na upana wa mfereji huchaguliwa kwa kubadilisha asidi amino.