Jibu la Saratani Katika Chungu cha Pombe



Huku kwetu Vugiri, milimani Korogwe, mpika pombe anajua kwamba bila chachu hakuna pombe. Lakini wachache wanajua kwamba chachu ya pombe ya nafaka ya Afrika ya Mashariki imewafundisha wataalamu siri ya saratani.

Mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner alieleza chachu iliyotoka katika pombe hiyo, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Jina la mwisho ni Kiswahili kitupu! Chembe yake ni kama kijiti kidogo mno. Hurefuka, hunakili jeni zake, kisha hujikata katikati zikawa mbili.

Ina jeni zipatazo 5,000, ila hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2004 vilionyesha kwamba kama 400 huamka na kulala kwa zamu. Wakati wa kunakili ukikaribia, kundi la protini liitwalo MBF huziamsha jeni za kazi hiyo. Kazi ikiisha, protini nyingine hulizima. Baadaye protini Sep1 huiamsha jeni ya Ace2, nayo Ace2 huziamsha jeni za kukata ukuta ulio kati ya chembe mbili mpya. Ace2 ikikosekana, chembe hizo hubaki zimeshikana.

Juu ya zamu hizo yuko nyapara: protini iitwayo Cdc2. Mwaka 1987, Melanie Lee na Paul Nurse wa Uingereza walitia jeni ya binadamu katika chachu ambayo Cdc2 yake ni mbovu, nayo ikaendelea kugawanyika. Kumbe nyapara wa chachu na wa mwili wako ni wa ukoo mmoja! Mwaka 2001 Nurse alishiriki Tuzo ya Nobel na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Mara nyingi naulizwa: kwa nini uvimbe wa saratani hukua bila mpaka? Ni zamu zilizovurugika. Jeni zilizopaswa kulala zimebaki macho, na chembe hugawanyika bila amri. Ndiyo maana dawa ya palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, huwazuia ndugu wa nyapara huyo.

Basi tusisingizie uchawi. Ukiona uvimbe usiouelewa, usingoje uume. Nenda hospitali mapema.

Tuonane wiki ijayo.