Je, Wajua? Diski Inakufa, Seva Haina Habari

Je, wajua kwamba RAID, mbinu ya kuziunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, ilizaliwa kutokana na hesabu ya kukatisha tamaa? Mwaka 1988, mjini Chicago, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha andiko lililodai kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu, za aina iliyokuwa kwenye kompyuta za mezani, zingeweza kuipiku diski moja kubwa ya IBM 3380. Kasoro ya wazo lao waliitaja wenyewe. Diski inayotarajiwa kudumu saa 30,000 si mbaya hata kidogo, lakini ukizikusanya 100, wastani unaporomoka hadi saa 300. Wiki mbili hazijaisha, mojawapo imekata roho. Sehemu kubwa ya andiko ni jibu la swali moja: ikishakufa hiyo, kazi iendeleeje?

Je, wajua kwamba hawakuwa wa kwanza kulijibu? Norman Ken Ouchi wa IBM alipata hataza ya Marekani mwaka 1978 kwa mfumo wa kurejesha data iliyopotelea kwenye kifaa kibovu cha kuhifadhia. Kampuni ya Tandem nayo ilikuwa na kompyuta zenye diski pacha kabla muongo huo haujaisha. Watu wa Berkeley walileta mpangilio: madaraja yenye namba, 1 hadi 5. Sifuri na sita zilikuja baadaye. Na hiyo sifuri isikuzuge, haina kinga yoyote: ikifa moja, umepoteza zote.

Je, wajua kwamba hesabu inayofufua diski hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza? Chukua biti tatu kutoka diski tatu: 1, 1, 0. Hesabu moja ziko ngapi. Zikiwa shufwa, andika 0 kwenye diski ya nne. Zikiwa witiri, andika 1. Hapa ziko mbili, kwa hiyo tunaandika 0, na hiyo ndiyo pariti. Sasa ing'oe diski ya pili. Umebaki na 1, pengo, 0, na pariti 0. Jumla ya moja lazima iwe shufwa, na hapa ipo moja tu. Basi kwenye pengo palikuwa na 1. Imefufuka. Kadi ya RAID, inayozisimamia diski hizo, hurudia mchezo huu mara mabilioni bila kuchoka, na mtumiaji anayechapa barua ofisini hajui kwamba sehemu ya anachokisoma inakokotolewa papo hapo kwa niaba ya diski ambayo haipo.

RAID 5, inayotumia pariti hiyo, haisimami bila diski tatu, kama jiko la mafiga. Ila hapa figa moja likivunjika, chungu hakimwagiki. La pili likivunjika, hakuna cha kuzoa.

Je, wajua kwamba kuandika kitu kidogo kwenye RAID 5 ni kazi nne? Kadi husoma data ya zamani, husoma pariti ya zamani, huandika data mpya, huandika pariti mpya. Ndiyo maana wasimamizi wa hifadhidata hupenda RAID 10, yenye diski pacha zilizogawana kazi, ingawa inakula nusu ya nafasi uliyolipia.

Je, wajua kwamba RAID 6 inadaiwa shukrani na kijana aliyeuawa kwa bastola? Ili kustahimili vifo vya diski mbili kwa pamoja, shufwa na witiri pekee hazitoshi. Unahitaji mlinganyo wa pili, na mifumo mingi huuchota kwenye aljebra ya Évariste Galois, Mfaransa aliyefariki mwaka 1832 baada ya pambano la bastola, akiwa na miaka 20. Irving Reed na Gustave Solomon waliijenga kanuni yao juu ya aljebra hiyo mwaka 1960, na ndiyo hiyohiyo iliyoziwezesha CD kupiga muziki hata zikiwa na mikwaruzo.

Na ile RAID 2 iliishia wapi? Ilipata kazi ya maana kwenye DataVault ya kampuni ya Thinking Machines: diski 39 zikifanya kazi kwa pamoja, 32 za data na 7 za kusahihisha makosa. Leo huikuti dukani.

Je, wajua kwamba kadi ya RAID ni kompyuta ndani ya kompyuta? Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na programu yake. Seva ikiuliza ina diski ngapi, kadi hujibu "moja", hata kama nyuma yake zimejipanga nane. Uongo huo mtamu ndio bidhaa yenyewe unayoinunua.

Kumbukumbu ya kadi ndipo penye ujanja, na ndipo penye hatari. Ikiwekwa kwenye hali inayoitwa write-back, kadi huiambia seva "nimeshaandika" wakati data ingali kwenye kumbukumbu, haijafika kwenye diski. Seva inakimbia kama upepo. Sasa umeme ukatike, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Kama kadi haina betri, malipo ambayo mteja ameonyeshwa kwamba yamepokelewa yameyeyuka. Kwa hiyo kadi za maana huja na betri, au kapasita inayotoa nguvu ya kutosha kuhamishia data kwenye chipu ya flashi kabla giza halijatanda kabisa. Betri ikichoka, kadi hujirudisha yenyewe kwenye hali ya write-through, inayosubiri diski ithibitishe kila kitu, na mfumo unaanza kutambaa.

Hapo pana kichekesho. Kadi nyingi za zamani zilikuwa na desturi ya kujipima betri kila baada ya siku 90 hivi: huimaliza chaji kisha huijaza upya. Katika saa hizo kasi ya kuandika inashuka, wahasibu wanalalamika, mtandao unalaumiwa, mtengeneza programu anapigiwa simu usiku. Kufikia asubuhi tatizo limetoweka, na kila mmoja ana maelezo yake. Ukiona seva inaugua kwa kalenda, itazame betri kwanza.

Je, wajua kwamba diski za seva nyingi huhesabiwa kuanzia sifuri? Ni jambo dogo, lakini laweza kumfukuzisha mtu kazi. Ripoti inasema diski ya nafasi ya 2 imekufa. Fundi anafika mbele ya raki, anahesabu moja, mbili, anachomoa. Aliyochomoa ni ya nafasi ya 1, nzima kabisa. Kwenye RAID 5 ambayo tayari imepoteza moja, huo ndio mwisho wa habari. Dawa ipo na haina gharama: kwenye kadi za ukoo wa MegaRAID unaandika storcli /c0/e252/s2 start locate, ukibadilisha namba kulingana na seva yako, na taa ya diski husika inaanza kumweka. Unachomoa inayomweka. Kumweka kwenyewe kuna kanuni zake za kimataifa: waraka wa SFF-8489 unaeleza taa ya kutafutia diski imweke vipi, na ya diski inayojengwa upya vipi, ingawa kila mtengenezaji huongeza rangi zake.

Je, wajua kwamba kadi za PERC za Dell na kadi nyingi za kampuni nyingine zina nasaba moja? MegaRAID ilianzia American Megatrends, ikanunuliwa na LSI Logic mwaka 2001, LSI ikamezwa na Avago mwaka 2014, na Avago ikachukua jina la Broadcom mwaka 2016. Ndiyo maana aliyejifunza amri za storcli akikutana na perccli ya Dell anajiona yuko nyumbani.

Je, wajua kwamba diski hukumbuka zilikotoka? Kila moja hubeba maelezo ya kundi lake. Ukizihamishia kwenye kadi nyingine, zinatangazwa kuwa "foreign", yaani wageni, na unapewa njia mbili: kuwapokea, au kuwafutia kumbukumbu. Anayebonyeza ya pili kwa haraka ili ujumbe uondoke kwenye skrini ameifuta ramani ya data yote. Biti bado zipo, ila hakuna anayejua zianzie wapi. Watu wa kurejesha data hula kwa mgongo wa kitufe hiki.

Je, wajua kwamba hatari kubwa huja baada ya kuingiza diski mpya? Diski ya terabaiti 20, hata kadi ikiiandika kwa megabaiti 200 kila sekunde bila kupumzika, inachukua takribani saa 28. Lakini kadi haiachi kazi nyingine. Kwa MegaRAID, kiwango cha kawaida kinachotengwa kwa ajili ya kujenga upya ni 30%. Siku kadhaa basi, na siku zote hizo diski zilizobaki zinasomwa kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, zikiwamo sehemu ambazo hazijaguswa tangu mwaka zilipofungwa. Kwenye karatasi za diski za kawaida, mtengenezaji hukubali hadi kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10 zenye kipeo cha 14, yaani terabaiti 12.5. Diski za seva huahidi mara kumi zaidi. Ndiyo sababu kadi huzipitia diski zenyewe kwa ukaguzi wa taratibu, kwa kawaida kila saa 168, kuwinda sekta mbovu wakati pariti ingalipo ya kuzitibu. Anayeuzima ukaguzi huo ili kuokoa kasi, sijui anaokoa nini.

Diski ya dukani ikikwama kwenye sekta mbovu inaweza kujaribu na kujaribu kwa dakika nzima, kwa uaminifu wote. Kadi haina subira hiyo. Sekunde chache zikipita kimya, inaitangaza diski kuwa marehemu na kuitoa kundini. Diski za seva hufundishwa kukata tamaa mapema, kiasi cha sekunde 7, na kuiachia pariti imalizie.

Je, wajua kwamba diski zinaweza kufa zote kwa saa moja? Novemba 2019, kampuni ya HPE iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya SSD zake zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisipobadilishiwa programu ya ndani. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, na mwandishi yeyote wa programu akiiona anacheka kwa uchungu. Fikiria seva yenye SSD nane zilizofungwa siku moja na kuwashwa kwa kitufe kimoja. RAID 5, RAID 6, RAID 10, zote zingekuwa mapambo. Machi 2020 likaja tangazo la pili kuhusu SSD nyingine: saa 40,000.

Garth Gibson, yuleyule wa 1988, alirudi kwenye suala hili mwaka 2007 pamoja na Bianca Schroeder. Walichunguza diski zipatazo 100,000. Karatasi za watengenezaji ziliahidi kwamba zisizozidi 0.88% ndizo zingeharibika kwa mwaka. Zilizokuwa zikibadilishwa kweli zilikuwa aghalabu 2 hadi 4%, na kwenye baadhi ya mifumo zilifika 13%. Zaidi ya hapo, vifo havikuwa vya nasibu: wiki yenye kifo aghalabu hufuatwa na wiki yenye kingine. Mimi naona hapo ndipo pa kuwauliza wanunuzi kwa nini diski zote zinatoka boksi moja.

Je, wajua kwamba diski husikia? Mwaka 2008 mhandisi wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alizipigia kelele diski zake kwa nguvu zote, na grafu ya ucheleweshaji ikaruka palepale. Septemba 2016 haikuwa mzaha tena: benki ya ING mjini Bucharest ilijaribu mfumo wa kuzima moto kwa gesi, mlio wa gesi ukatikisa diski na kuziharibu, na huduma zikasimama kwa takribani saa 10.

Je, wajua kwamba RAID huifuta data yako kwa uaminifu uleule inaoilinda nao? Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akidhani yuko kwenye seva nyingine, alifuta folda ya hifadhidata kuu. Gigabaiti zipatazo 300 zikaondoka, na data ya takribani saa sita haikurudi. Hakuna daraja la RAID ambalo lingemzuia. Agizo la kufuta ni agizo. Kadi hulitekeleza kwenye diski zote kwa wakati mmoja.

Wapo wasioitaka akili ya kadi hata bure. Baadhi ya watumiaji wa ZFS, mfumo wa faili uliobuniwa Sun na kutolewa mwaka 2005, hununua kadi ya RAID kisha huivua programu yake na kuivika nyingine nyepesi, ili diski zionekane uchi na ZFS ifanye hesabu yenyewe.

Na kengele ya kadi? Kadi nyingi zina kipaza sauti kidogo kinacholia diski inapokufa, mlio mwembamba wa kuchosha masikio. Ipo amri ya kuinyamazisha mpaka tukio lijalo, na ipo ya kuizima moja kwa moja. Fundi aliyechoka huchagua ya pili. Seva inaendelea kufanya kazi, diski ya kwanza ikiwa maiti, mpaka siku diski ya pili inapofuata. Ndipo wenye kampuni wanapoita wataalamu, na wataalamu kabla ya kugusa kitu hufungua logi ya kadi. Imeandikwa humo diski ya kwanza ilikufa tarehe gani, saa ngapi, na dakika ngapi baadaye kengele ilizimwa.