Kwa Nini Mchanga Hunasa Kwenye Ng'onda?

Mama anayenunua ng'onda sokoni Kariakoo kwanza humgeuza na kumpapasa. Akihisi mchanga, bei hushuka, au huhamia meza ya pili. Hasara hiyo haikuanzia Kariakoo. Imeanzia ufukweni, Kunduchi au Bagamoyo, pale samaki aliyepasuliwa na kutiwa chumvi alipotandazwa chini huku upepo ukivuma.

Punje ya mchanga ikigonga kitu kikavu, hudunda ikaenda zake. Ikigonga kitu chenye utando wa maji, mambo hubadilika. Kwanza hulazimika kuyasukuma maji pembeni, na kazi hiyo huipunguzia kasi. Halafu, inapotaka kurudi, maji yale yale huivuta. Nguvu iliyobaki ikiwa ndogo, hunasa. Ndiyo sababu vumbi jepesi hunasa kwa urahisi, ilhali punje kubwa yenye kasi yaweza kuponyoka.

Jaribu nyumbani. Angusha gololi kwenye sakafu kavu ya saruji, itaruka. Paka asali mahali pale, uangushe tena kutoka kimo kile kile. Itanasa, au itaruka kidogo tu. Kadiri majimaji yanavyokuwa mazito, ndivyo yanavyoimeza nguvu ya mgongano.

Sasa mtazame samaki juani. Maji yakipungua, yale ya chumvi yaliyobaki juu yake huwa mazito na yenye kunata. Kwa hiyo hatari haiishi anapoacha kuchuruzika. Huendelea hadi ngozi ikauke kabisa. Na kumsuuza baadaye ni kumrudishia maji, ambayo ndiyo huleta ukungu na uozo.

Dawa ni kichanja. Punje nyingi za mchanga unaopeperushwa hurukaruka karibu na ardhi, chini ya nusu mita. Kichanja chenye kimo cha mita 1 huziacha chini, na hewa ikipita juu na chini ya samaki, hukauka upesi. Vumbi jembamba hupanda juu zaidi, hivyo kichanja kiwe mbali na barabara.

Miti michache na nyavu kuukuu vinatosha, na nyavu kuukuu hazikosekani kwa wavuvi. Kutandaza chini ni rahisi, lakini gharama ya urahisi huo humfuata mchuuzi hadi sokoni.