Cheruiyot Wawili, Mutai Wawili, na Lile Swali la 'Wewe ni wa Nani?'

Kama unafuatilia marathoni, hii huenda unaikumbuka. Aprili 2010, Mkenya anayeitwa Robert Cheruiyot alishinda Boston kwa saa 2:05:52. Rekodi aliyoivunja siku hiyo ilikuwa 2:07:14, ya mwaka 2006. Ilikuwa ya nani? Ya Mkenya anayeitwa Robert Cheruiyot.

Hapana, hakujivunjia rekodi. Ni watu wawili tofauti. Mkubwa alishinda Boston mara nne, 2003 halafu mfululizo kutoka 2006 hadi 2008. Mdogo alikuwa na miaka 21 tu alipompokonya rekodi. Undugu? Hakuna.

Ukitaka kuwatofautisha, cheki jina la katikati. Mkubwa ni Kipkoech, mdogo ni Kiprono. Hapo ndipo stori inanoga, kwa sababu kwa Wakalenjin jina kama hilo ni saa ya ukutani. Kipkoech kazaliwa alfajiri. Kiprono kazaliwa jioni, mbuzi na kondoo wakirudi nyumbani. Kumbe wazazi walikuwa washawatenganisha zamani, sisi ndio hatukusoma.

Sasa ngoja. Aprili 17, 2011, Emmanuel Mutai alishinda London Marathon. Kesho yake, Geoffrey Mutai akashinda Boston kwa 2:03:02 na kuifuta rekodi ya Cheruiyot mdogo. Novemba mwaka huo wakapatana New York: Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili. Ukiwa Mzungu umekaa kwa kochi lako huko, ungeapa kuna boma moja hapa Kenya limeamua kumaliza watu. Lakini hao wawili pia si ndugu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Olimpiki ya London, 2012. Dhahabu ya marathoni ilienda kwa Stephen Kiprotich, shaba ikaenda kwa Wilson Kipsang Kiprotich. Jina lenyewe ni la mtoto wa kiume aliyezaliwa ng'ombe wakirudi kutoka malishoni. Ila Stephen ni Mganda, wa Kapchorwa, upande ule mwingine wa Mlima Elgon, na dhahabu yake ilikuwa ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya watu wanaoita watoto wao kwa ng'ombe walewale wa jioni.

Hata Kipchoge. Kipchoge Keino, bingwa wa Mexico 1968, na Eliud Kipchoge, aliyekimbia 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, ni Wanandi wote, basi. Jina linamtaja mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka, na maghala yalikuwa mengi.

Ng'ambo wakichanganyikiwa nawaelewa. Kwao jina la mwisho ni la ukoo, baba anampa mtoto, mtoto anampa mjukuu. Mimi na wewe hatuna kisingizio. Unajua vizuri kwamba Otieno ni mtoto wa usiku na Achieng ni wa jua la mchana. Lakini ingia ofisi ya watu na bahasha yako uone. Kabla waulize unajua kufanya nini, macho yashatua kwa jina la mwisho. 'Wewe ni wa nani?' Ukifanana jina na mheshimiwa fulani, ghafla unaletewa kiti. Ukifanana na yule wasiyempenda, utaambiwa tutakupigia. Mimi niliacha chuo bila cheti, kwa hivyo nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa gredi.

Na hiyo ni ile hali nyepesi. Baada ya uchaguzi wa 2007, kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo vijana wa rika letu walidai vitambulisho na kusoma jina la mwisho. Jina ndilo liliamua kama unapita. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kwenye ghasia zile. Eldoret, mji wanakofanyia mazoezi wengi wa hawa mabingwa, ulikuwa katikati ya moto huo.

Ajabu ni kwamba hata kwa kutafuta damu yenyewe, jina linaweza kukudanganya. Novemba 2012, Victor Wanyama aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona, Mkenya wa kwanza kufunga kwenye Ligi ya Mabingwa. Mkenya aliyetangulia kucheza ligi hiyo, akiwa na Inter Milan, alikuwa McDonald Mariga. Soma jezi zao: Wanyama, Mariga. Hao sasa ndio ndugu, baba mmoja, mama mmoja.